Goti la Kushoto

Jumamosi, 5 Septemba 1914

Daktari Lomax amenikataza kupanda ngazi. Mtu huyu nilimfundisha kusoma, nikamchapa vidole kwa mwandiko wake mchafu, na leo amenisikiliza kifua na kuamuru kitanda changu kiteremshwe chumba cha mbele. Nikamwuliza kama nitauona msimu wa joto ujao. Akafunga mkoba wake taratibu mno. "Mwalimu, tuone kwanza baridi inakujaje."

Basi nimejua. Nimekufa ganzi mikono tangu alipotoka, na naandika ili mikono ipate kazi. Kwa miaka yote niliyokuwa mkuu wa shule niliwaambia watoto wa mji huu wa Ashenclough waseme kweli. Acha niseme ya kwangu hapa kabla sijaondoka.

Dirisha hili linatazama barabara ya uwanja wa mpira. Timu imeshinda leo. Nimejua kwa kelele, kisha nikaambiwa na mpwa wangu Clem kwamba bao la pili ni lake.

Jumamosi, 12 Septemba

Mvua. Sare.

Jumamosi, 3 Oktoba

Clem amerudi kwa kupitia uchochoro wa nyuma, mkono wake shingoni mwa Enoch Duxbury. Uso mweupe kama chaki.

"Nani amewaona?" Hilo ndilo swali langu la kwanza. Sikumwuliza anaumwa wapi.

"Hakuna mtu, mzee," alisema Enoch. "Niliwaambia amekunywa bia. Wote wakaamini, maana walimtaka anywe tangu mwaka juzi."

Enoch ni kipa. Ana mikono kama makoleo, na darasani kwangu hakuwahi kumaliza ukurasa. Nilimhesabu kuwa mpumbavu mwenye moyo mwema, na bado namhesabu hivyo.

Goti la kushoto limejipinda Clem alipokuwa anageuka kupiga krosi. Kitu ndani yake kimelia kama kijiti kikavu, Enoch alikisikia kutoka langoni. Amecheza mpaka filimbi ya mwisho. Mama yake Clem, dada yangu Alice, aliniachia mtoto huyu akiwa na miaka minne, na sasa ana ishirini na mitatu. Sijawahi kumwona akilia kwa maumivu. Leo alilia. Nilimfunga goti kwa kitambaa cha siki ya moto, wakati Enoch akila utumbo na vitunguu vyote vya Bi Kershaw, jirani anayetupikia.

Anayesoma haya asidhani sisi ni vichaa. Aprili ikiisha klabu hubandika majina ya wachezaji inaowabakiza. Mwenye goti bovu habakizwi, na akishaachwa kwa goti hakuna klabu nyingine itakayomgusa. Hurudi kwenye mashine za kusuka pamba, kama bado zinamtaka. Kwa hiyo wote huficha. Kila Jumanne kocha Sagar huwabonyeza miguu mmoja mmoja, nao humcheka usoni huku meno yamekaza. Mtu huweza kuficha mguu mbovu misimu miwili.

Jumanne, 6 Oktoba

Sagar hakugundua. Clem anasema alimpigia hadithi ya mbwa wa jirani mpaka mzee akasahau anabonyeza nini.

Jumamosi, 17 Oktoba

Ukungu. Wameshindwa. Clem hakukimbia sana, watu wanasema amekuwa na maringo.

Jumamosi, 14 Novemba

Wakati wa mapumziko leo bendi imeingia uwanjani na sajini mmoja mwenye masharubu. Nilisikia ngoma, nikadhani ni sherehe. Enoch amenisimulia akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda changu, kitanda kikilia.

"Akasema, 'Nani atatoka hapa avae kaki ya mfalme?' Watu elfu sita, mzee. Wakatoka watatu, na mmoja wao amelewa. Basi watu wakaona haya, na mwenye haya anatafuta wa kumtupia. Tuliporudi uwanjani wakatutupia sisi."

"Walisema nini?"

"Mimi waliniambia nikazuie risasi, maana mipira siizuii." Akacheka. Clem hakucheka. "Clem waliimba jina lake. 'Entwistle! Miguu mizuri hiyo! Wenzako hawana tena!' Na mwanamke mmoja akaja hadi kwenye mstari na unyoya mweupe, ule wanaowapa waoga."

"Ukaupokea?" nilimwuliza Clem.

"Ningefanyaje, Mjomba? Nilikuwa na mpira mkononi, narusha. Akauchomeka kwenye jezi."

Bi Kershaw alikuwa anasukuma makaa ya mawe kwenye moto. Mwanawe Walter yuko vitani Ufaransa tangu Agosti. Alisema bila kugeuka, "Walter wangu hajapata soksi kavu wiki mbili. Wengine wanabadilisha jezi mapumziko."

Nilimwona mwanamke katili. Kisha nilimtazama Clem, akiwa ameinama juu ya bakuli lake, nikaona masikio yake yamekuwa mekundu.

Jumapili, 22 Novemba

Kanisani wamesoma majina ya waliokufa vitani. Bi Kershaw ameniletea. Watatu niliwafundisha. Nakumbuka mwandiko wa kila mmoja.

Ijumaa, 25 Desemba

Wamecheza asubuhi ya Krismasi kama kawaida, uwanja umeganda. Goti halikusumbua. Tumekula bata. Enoch amevaa kofia ya karatasi siku nzima, na alipoondoka Clem alikaa nami akaninyoa ndevu, kwa maana mikono yangu haitulii tena. Alishika kidevu changu kwa vidole viwili. Nilifumba macho. Nikawaza: huyu ndiye atakayenifumba macho, hakuna mwingine, na akiondoka nitafumbwa na Bi Kershaw au nitabaki macho yamefumbuka.

Jumamosi, 9 Januari 1915

Theluji. Mechi imeahirishwa.

Jumatano, 20 Januari

Moyo umesumbua. Lomax amekuja mara mbili.

Alhamisi, 11 Februari

Leo goti limekwama. Clem alikuwa amechuchumaa jikoni akifunga kamba za buti, akashindwa kuinuka. Mguu umekunjika, haunyooki. Nilimsikia akiniita kwa sauti ndogo, ile ya utotoni, nami siwezi kusimama. Tukakaa hivyo, yeye sakafuni jikoni, mimi kitandani, ukuta katikati yetu, tukisemezana.

"Lizungushe kidogo kidogo," nilimwambia. "Kisigino nje."

"Limekataa, Mjomba."

"Lisubiri. Usilitie nguvu."

Mwishowe likalia, likafunguka. Aliingia akitokwa jasho. "Usimwambie mtu."

"Nimewahi?"

Alipotoka kwenda mazoezini ndipo wazo lilipoingia. Jeshi halimchukui mtu ambaye mguu wake unakwama. Goti hili ambalo nimelilaani tangu Oktoba ndilo limemweka Clem nyumbani humu! Nililala mchana huo usingizi mtamu kuliko wowote wa mwaka huu, na nilipoamka niliogopa utamu wake.

Jumamosi, 27 Februari

Mvua. Wameshinda.

Jumatatu, 15 Machi

Bi Kershaw ameambiwa Walter hajulikani alipo. Amekuja kupika kama kawaida. Nilimwambia aende nyumbani, akasema, "Nikafanye nini huko, Bwana Haworth?" Viazi aliviunguza. Tulivila.

Jumapili, 21 Machi

"Msimu ukiisha mimi na Enoch tunajiandikisha," alisema Clem. Alisema akiwa anapanguza buti zake kwa mafuta, hakunitazama.

"Na goti?"

"Goti gani?"

Alinigeuzia uso, nao ulikuwa unatabasamu tabasamu ambalo sikulijua. Ilinichukua muda kuelewa. Ni lile la Jumanne, la kumdanganyia Sagar. Sasa ananipa mimi.

"Clem, kule hakuna kitambaa cha siki. Utakwama kwenye tope, watu wakikimbia."

"Bi Kershaw anatutilia chai kila siku, Mjomba. Unamtazama lakini? Mimi siwezi tena kupokea kikombe mkononi mwake."

Nilimwambia madaktari wa jeshi si wajinga, watamgundua. Akasema, "Sagar ana miaka thelathini anabonyeza miguu, hajanigundua."

Jumamosi, 3 Aprili

Clem amefunga mawili. Watu wameimba jina lake kwa wema leo, habari zimeenea kwamba atajiandikisha. Ni watu walewale.

Jumamosi, 24 Aprili

Mechi ya mwisho. Sare. Bendi imepiga wimbo wa mfalme.

Jumatatu, 26 Aprili

Wamepimwa na jeshi katika ukumbi wa mji. Anayepima huko ni Lomax mwenyewe. Enoch amekuja kunisimulia, na bado alikuwa anacheka akiingia mlangoni.

"Mzee, ungemwona mpwa wako! Daktari anasema, ruka kwa mguu mmoja. Clem anachagua upi? Wa kushoto! Anaruka nao ukumbi mzima, kwenda na kurudi, anamweleza daktari bao la Pasaka. Daktari anasema, 'Entwistle, laiti wote wangekuwa na miguu hii.' Nilidhani nitazimia."

Clem alisimama nyuma yake akitabasamu. Hawa wamezoea kuficha mpaka wamesahau kwa nini walianza. Kwa Sagar, anayegundulika anapoteza kazi. Kwa Lomax angegundulika angepona, naye amemshinda Lomax kama winga anavyompita beki, na anajivuna kwa hilo.

Wataondoka na kikosi cha mji tarehe kumi na tano Mei.

Jumatano, 28 Aprili

Hii ndiyo siku ninayotakiwa kuiandika.

Lomax alikuja saa nne, siku yake ya kunitazama. Clem alikuwa ametoka kununua soksi. Mvua nyembamba, ile yenye masizi ya viwanda, ilikuwa inachora mistari dirishani. Lomax alinisikiliza kifua, akakaa. Alikuwa amechoka, kola yake chafu. Alisema, "Mpwa wako ni kijana mzima sana, Mwalimu. Jeshi limepata."

Ningeweza kusema asante. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema asante.

Nilijua kila kitu. Nilijua kwamba Lomax akimkataa kwa goti mji utajua kabla ya jioni, na klabu itajua, na jina la Clem halitabandikwa. Nilijua kwamba Clem ameniambia mara nyingi "usimwambie mtu" na kwamba mimi na Enoch tu ndio tunaojua. Nilijua hajanituma. Yote hayo niliyapanga kichwani kwa utaratibu, kama hoja ubaoni, na juu ya hoja zote nilikuwa nauona mlango wa chumba hiki usiku fulani, umefungwa, na mimi naita na hakuna anayekuja.

"Goti la kushoto," nilisema.

"La nani?"

"Likunje mpaka mwisho. Kisha zungusha wayo nje. Usimkubali akikupigia hadithi."

Lomax alikuwa mtoto mwenye haya, hakupenda kuwashtaki wenzake hata niliposhika fimbo. "Mwalimu, unajua nikilijua hili siwezi kulisahau."

"Najua."

"Na yeye anajua unaniambia?"

Nilitazama dirisha.

"Nitamwita tena," alisema. "Nitasema karatasi zimepotea." Akachukua kofia yake. Mlangoni aligeuka, nikadhani atanilaumu, nikajikaza. Akasema tu, "Unywe ile dawa, tafadhali."

Clem alirudi na soksi za sufu jozi nne. Mbili zilikuwa zangu.

Ijumaa, 30 Aprili

Clem amepiga kelele ukumbini, goti likiwa mikononi mwa Lomax. Watu waliokuwa kwenye foleni wamemsikia.

Jumamosi, 1 Mei

Majina yamebandikwa. Lake halimo.

Jumatatu, 3 Mei

Hasemi nami kwa hasira, ananisemesha kwa upole, na hilo linaniua. Hasira yake yote ni kwa Enoch. "Watu wawili tu walijua, Mjomba, na wewe hutoki kitandani." Alimfuata klabuni mbele ya wachezaji wote akamwita Yuda, akamtemea mate miguuni. Enoch, anasema Bi Kershaw, alisimama tu mikono imening'inia.

Jioni Enoch alikuja. Clem alipanda juu, akabamiza mlango. Enoch hakuingia, alisimama nje ya dirisha langu, nikalisukuma kidogo.

"Mzee. Nimekuwa nahesabu." Alionyesha vidole vyake vinene. "Clem hakujisema. Mimi sikumsema."

Akabaki na kidole kimoja kimesimama. Hakuninyooshea. Alikitazama kana kwamba hajui kimetoka wapi, akakikunja.

"Basi," alisema. "Tunaondoka Jumamosi ya wiki ijayo. Mwambie nilikuja."

Nilimwita mpumbavu kurasa chache nyuma. Sitaifuta, iwe ni aibu yangu.

Alhamisi, 6 Mei

Sikumwambia.

Jumapili, 9 Mei

Sikumwambia. Clem amenibeba hadi kiti cha nje nipate jua. Anachechemea waziwazi sasa, hana wa kumficha. Viwandani hawajamjibu.

Jumatano, 12 Mei

Lomax amesema nimebakiza wiki, labda chache. Clem alimsindikiza mlangoni, akarudi akanishika mkono. Ningesemaje?

Jumamosi, 15 Mei

Bendi ilianza kupiga stesheni mapema. Upepo uliileta vipande vipande. Clem alikuwa ananikatia mkate wenye mafuta ya nyama. Kisu kilikuwa kinasimama kila ngoma inaposikika.

"Nenda ukamuage Enoch," nilisema.

"Kula mkate wako, Mjomba."

"Hakukusema."

"Usimtetee."

"Clem, kaa."

"Nikikaa linakwama."

"Nimekusema mimi. Nilimwambia Lomax, hapa, siku ulipoenda kununua soksi."

Alicheka kidogo. Kisha akanitazama, na kicheko kikabaki mdomoni mwake bila mwenyewe. Nilisikia moyo wangu ukijikwaa na nikaogopa kufa kabla hajajibu, na nikaogopa kuishi.

"Uliogopa nife," alisema mwishowe. Alikuwa ananitafutia njia. Ningeweza kuipita.

"Niliogopa nife mimi. Humu ndani, na wewe hupo. Hiyo ndiyo ilikuja kwanza. Wewe ulikuja baadaye."

Aliweka kisu mezani kwa uangalifu. "Nimemtemea mate mtu yule."

"Najua."

"Siku kumi na tano umelala hapo unanitazama namchukia."

"Najua, mwanangu."

"Usiniite hivyo leo."

Akachukua kofia. Nilimwona dirishani akikimbia barabara ya stesheni, goti linamrusha upande kama mkokoteni wenye gurudumu bovu, watu wanamgeukia, na hakujificha hata kidogo.

Treni ilipiga honi. Mkate ulikauka mezani. Ilipofika saa ya chai hakuwa amerudi, na Bi Kershaw aliingia akiwa bado na shali kichwani.

"Amewakuta wakipanda," alisema. "Walikumbatiana kwenye jukwaa la stesheni mpaka sajini akawatukana. Treni ikaanza kwenda, Duxbury amesimama mlangoni. Akamvuta ndani kama gunia."

"Lakini alikataliwa!"

"Na Lomax. Huko waendako hakuna Lomax."

Jumatatu, 17 Mei

Nasikia kila ubao wa nyumba hii.

Alhamisi, 20 Mei

Nilimwambia Bi Kershaw nilichofanya. Nilitaka anihukumu, Walter wake hajapatikana. Alikuwa ananiosha mgongo.

"Walter angekuwa na goti bovu," alisema, "ningelitangaza sokoni siku ya mnada." Akakamua kitambaa. "Kisha angenichukia, na ningempikia kila siku. Inua mkono."

Jumatatu, 31 Mei

Bado nipo. Lomax anashangaa.

Jumapili, 13 Juni

Amekuja. Kaki, nywele zimekatwa vibaya, ruhusa mpaka kesho asubuhi. Alisimama mlangoni pa chumba kama mgeni.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Wamekupokeaje?"

"Daktari wa kambini alikuwa na foleni hadi barabarani. Akaniuliza kazi yangu. Nikasema mwanasoka. Akasema, 'Basi miguu ni mizima,' akaandika bila kuinama." Alitikisa kichwa. "Enoch anakusalimu. Anasema ukimngoja atakuletea kofia ya Mjerumani, ile yenye mkuki juu, uvae kanisani."

Nilicheka, ikaniuma. Aliniinua mto. Tulikaa. Bi Kershaw alileta chai akampa kikombe mkononi, naye akakipokea.

"Umenisamehe?" nilimwuliza.

Alifikiri. Nilimfundisha mimi kufikiri kabla ya kujibu. "Bado. Lakini nimekuja."

"Unaogopa?"

"Sana. Tukichimba mahandaki ya mazoezi huwa naogopa kuchuchumaa." Aligeuza kikombe. "Lomax bado anakuja Jumatano?"

"Anakuja."

"Barua yake moja ingetosha kunirudisha."

"Ingetosha."

Hakuniomba kitu. Alinitazama tu, wala hakuwa na lile tabasamu. Nilitaka mlango unaofunguliwa, na sauti, na mkono wa mtu machoni pangu. Nilivitaka zaidi kuliko Aprili.

"Sitasema," nilimwambia.

Jumatatu, 14 Juni

Aliondoka viwanda vilipopiga king'ora. Aliniinamia, akanibusu paji la uso. Mlango ukafungwa.

Nililala macho juu nikisikiliza. Barabara ilikuwa imejaa wafanyakazi wanaokwenda kazini, viatu vyao vya mbao vyenye vyuma chini vikigonga mawe kwa mamia. Nikatafuta buti zake katikati yao. Namjua: mguu wa kulia mzito, wa kushoto unaburuta kidogo, unachelewa. Ningemtambua hata katika mji wa watu wasiohesabika.

Nilizipata. Zilipita chini ya dirisha langu, buti za jeshi, kulia, kushoto, kulia, kushoto, sawasawa kabisa kama za mtu mwenye magoti mazima, na zikaendelea hivyo hadi kwenye kona.

Alijua nasikiliza.

Baada ya kona viatu vya mbao vilizimeza. Nilishika shuka kwa mikono yote miwili, nikasikiliza mpaka mashine zilipoanza kuunguruma na hakukuwa tena na kitu cha kusikia.